Wasomaji wa Mdogo Wangu

Jumatatu, 11 Machi

Nakala zote za riwaya ya *Nani Amefungua Dirisha* zilizoletwa mjini zimekwisha, na shehena nyingine inaingia kesho. Amesema mchapishaji, kwa simu, saa nne asubuhi.

Aliyeiandika ni mdogo wangu. Alifariki Januari kwa uvimbe kwenye ubongo, wiki sita kabla ya kitabu kutoka. Ameacha mume, ambaye ni fundi wa miwani, na binti wa miaka tisa tunayemwita Msumari kwa jinsi alivyo mwembamba na mgumu.

Mhariri ameniita mezani kwake. Anataka ukurasa mzima kila Jumamosi: wasomaji wanasemaje.

"Mwandishi ni ndugu yangu," nikamkumbusha.

"Ndiyo maana nakupa wewe. Watakufungukia."

Nimekubali kwa sharti kwamba undugu utajwe chini ya kila makala. Nimeandika habari za mahakama na ajali kwa miaka mingi. Hii nayo ni kazi.

Mvua iliwahi mwaka huu. Inanyesha tangu wiki ya mwisho ya Februari. Chumba cha habari kina ndoo mbili sakafuni, na kila mtu amezoea kuziruka.

Jumatano, 13 Machi

Kwa kumbukumbu, kisa chenyewe. Mke mgonjwa yuko nyumbani. Kila jioni hufunga dirisha la chumbani, kila asubuhi hulikuta wazi. Chupa yake ya dawa huhama mahali, na kila akiuliza, hakuna anayejua. Anamshuku muuguzi, kisha jirani, kisha mama yake mzazi, kisha akili yake mwenyewe. Kila msomaji akidhani amemkamata mtu, kitabu kinamponyoka mkononi. Ukurasa wa 240 mke anaamka mapema kuliko kawaida, anamwona mume wake amesimama dirishani. "Mkononi alikuwa ameshika chupa yangu ya dawa." Hapo kinaisha.

Leo nimeanzia saluni.

"Mimi nilikitupa ukutani," alisema msusi. "Halafu nikakiokota, nikakifuta vumbi, nikarudia mwanzo."

Mteja wake, kichwa kimesukwa nusu: "Mwanamume mpole vile! Leo nikifika nyumbani mume wangu anaonja chakula kwanza."

"Atashiba yeye, wewe ulale njaa."

"Bora njaa, shoga yangu."

Kwenye gereji, fundi mkuu aliniambia kwamba mama wa yule mke kwenye kitabu yeye alishamhukumu tangu ukurasa wa hamsini. "Nimemwomba radhi. Mama mkwe wangu pia nimempigia simu, akashangaa."

Benki, karani wa dirishani alihesabu fedha zangu, akaniinamia. "Dada, samahani. Hivi ni kweli?"

"Ni riwaya."

"Ndiyo, lakini mume wake si yule wa miwani?"

Mhakiki wetu amesifu ujasiri wa mwandishi aliyefunga kitabu kama anayetufungia mlango usoni.

Jumamosi, 16 Machi

Makala ya kwanza imetoka. Mvua.

Jumanne, 19 Machi

Nimekwenda kwa Mama. Alikuwa sebuleni na jirani yake, na kitabu kikiwa magotini kwa jirani. Mama hawezi kusoma maandishi madogo. Mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi na vioo vyake ni vya zamani mno. Desemba mdogo wangu alimsihi aende dukani kwa mume wake akapimwe macho. Mama akasema macho yake yanamtosha kuona anachotaka kuona.

Kwa hiyo anasimuliwa. Jirani husoma kurasa mbili, halafu huongeza za kwake.

"Hapa ndipo anapomwona na chupa," alisema jirani. "Mtu na mume wake!"

Mama hakumwangalia. Aliniangalia mimi. "Mwezi wa kumi na mbili nilikaa kwao wiki nzima. Nilimwona mkwe akitoka chumbani na dawa za mwanangu chini ya koti. Nikamuuliza mwanangu, akasema hajui dawa zake ziko wapi. Sikusema kitu. Nilidhani nimeona vibaya."

"Huenda uliona vibaya kweli, Mama."

"Na yeye aliyeandika? Naye aliona vibaya?"

Nikanywa chai.

Jumamosi, 23 Machi

Duka la shemeji liko kwenye mtaa wa maduka ya vitambaa. Ni chumba kimoja: meza ya kupimia, mashine ya kusagia lenzi, kioo cha ukutani, kabati la fremu. Nimekaa humo mchana mzima, na wateja hawakuingia. Vijana wawili walipita, mmoja akapaza sauti nyembamba ya kike, "Nani amefungua dirisha?" na mwenzake akajibu kwa sauti nzito, "Sijui, mke wangu!" Wakacheka mpaka kona.

Shemeji alikuwa anafuta lenzi. Aliendelea kuifuta.

Nakala aliyopelekewa na mchapishaji iko juu ya kabati, bado imefungwa kwa karatasi ya kaki na kamba. Kumbe hajaifungua. Nimelitia akilini hilo kama ninavyotia mengine. Nimetia pia lingine: Desemba, mimi mwenyewe nilimkuta akifungia chupa ya vidonge kwenye droo ya duka hili. Alipogeuka akaniona, alianza kuzungumzia hali ya hewa.

Alhamisi, 28 Machi

Nimemwona daktari aliyemtibu. Nilimuuliza moja kwa moja kama kuna lolote katika kifo kile lililomtia shaka.

"Hakuna," alisema. "Uvimbe ulikuwa mahali ambapo mkono haufiki. Nilisema hivyo Agosti, nikasema hivyo Januari."

"Na dawa?"

"Alipata nilizoandika. Mengine muulize mume wake, ndiye aliyekuwa anazishika."

"Kwa nini azishike yeye?"

Daktari alifunga faili. "Muulize yeye."

Hilo haliwezi kuandikwa gazetini, wala haliniachi nilale vizuri.

Jumanne, 2 Aprili

Paa la chumba cha habari limeongeza tobo. Ndoo ya tatu.

Jumamosi, 6 Aprili

Makala ya nne. Barua za wasomaji zimejaa meza. Mmoja ameandika kwamba polisi wachunguze. Mhariri alitaka kuichapa, nimekataa, akakubali.

Mama amesema Msumari ahamie kwake. Ameita kikao cha familia tarehe 11 Mei, mjomba ndiye atakayekiongoza. "Sina haja ya kumpeleka mtu popote," alisema. "Ila mjukuu wangu halali tena nyumba ile."

Leo Msumari ameshinda kwangu. Jioni nilipomwambia avae viatu tuondoke, alivipindua vyote viwili akavikung'uta kabla ya kuingiza mguu.

"Kuna wadudu?"

"Hapana, Mamkubwa. Nimezoea tu."

Njiani aliniuliza kama kwa Bibi kuna meza ya kufanyia hesabu. Nikasema ipo ya kulia chakula. Akafikiri. "Na Baba atakula na nani?"

Jumatano, 10 Aprili

Nimemuuliza. Nilisubiri afunge mashine.

"Shemeji, wiki hii umepata wateja?"

"Mmoja. Alitaka kuniona sura, hakutaka miwani."

"Nina swali."

"Uliza. Si ndiyo kazi yako?"

"Dawa zake ulikuwa unazificha. Kwa nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na ndugu yake. "Kitabu umekisoma?"

"Nimekisoma."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akavuta kitambaa akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi. "Basi kama umesoma mpaka mwisho na bado unaniuliza, Shemeji, mimi sina la kuongeza."

"Huna?"

"Sina. Aliyesema amekwisha sema."

Nimetoka pale nikiamini kwamba mtu huyu anaficha jambo. Nilipofika nyumbani nilikaa na koti langu lililolowa, nikajikuta nakubaliana na Mama.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua mchana kutwa. Hakuna cha kuandika.

Jumatatu, 22 Aprili

Saa nane mchana swichibodi imeniunganishia dereva wa lori. Alikuwa kwenye foleni ya mizani, njia ya kaskazini. Sauti yake ilipotea na kurudi kwa mvua iliyopiga paa la gari.

"Wewe ndiye unayeandika habari za kile kitabu?"

"Ndimi."

"Nakusoma kila Jumamosi. Chupa, chupa, chupa. Mbona hakuna hata mtu mmoja anayezungumzia taulo?"

"Taulo gani?"

"Dada, kitabu umekisoma au umesimuliwa?"

Nilichukua nakala yangu. "Chako kina kurasa ngapi?"

"Ngoja." Nikasikia karatasi. "Mia mbili hamsini na sita."

Changu kinaishia 240. Niliangalia cha mhakiki, kikaishia 240. Cha mhariri, 240. Nilimuuliza dereva alinunua wapi na lini. Alinunua kaskazini, siku za kwanza kabisa.

"Naomba unisomee kuanzia 241."

"Yote? Hapa foleni ikisogea nasogea."

"Sogea, usome."

Akasoma. Anasoma polepole, bila kuigiza, na mara mbili alikatisha kumwambia mtu wa mizani asubiri. Naweka hapa yaliyomo, kwa ufupi.

Mke anakumbuka asubuhi aliyoisahau. Amekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, taulo lenye maji kichwani kupoza maumivu. Anamwambia mume wake: leo nimemeza dawa mara mbili, sikukumbuka ya kwanza. Kesho nitameza mara tatu. Ichukue chupa, ifiche, ihamishe kila siku, na nikikuuliza, kana. Mama asijue kwamba akili inaniondoka, ataanza kunililia nikiwa bado hai. Mume anasema: utanichukia. Mke anajibu: nitakuchukia, wewe vumilia. Kisha anamwomba jambo la mwisho. Usiku hufunga dirisha kwa hofu, na alfajiri hukosa pumzi. Amfungulie kabla hajaamka, asimwambie.

Mistari ya mwisho, nimeiandika jinsi dereva alivyoisoma: "Asubuhi nilikuta dirisha liko wazi, nikamuuliza nani amefungua. Akasema hajui. Alikuwa ameahidi."

"Hapo ndipo pameandikwa mwisho," alisema dereva. "Mimi nilipofika hapo nilisimamisha gari pembeni nikampigia mke wangu. Akaniuliza kuna nini. Nikasema hakuna, endelea na kazi zako."

Nilimshukuru, nikaandika namba yake na saa. Kisha nilikwenda chooni, nikakaa humo mpaka mhariri alipotuma mtu kunitafuta.

Jumanne, 23 Aprili

Karakana ya kujalidi vitabu. Msimamizi amenionyesha wanavyofanya kazi. Karatasi hukunjwa mafungu ya kurasa kumi na sita, kila fungu na rundo lake, marundo yakapangwa kuzunguka meza ndefu. Wafanyakazi huizunguka meza wakiokota moja moja kwa zamu; aliyemaliza mzunguko ana kitabu kizima mkononi, anakipeleka kushonwa. Hawasomi. Miguu ndiyo inayojua njia.

Shehena ya kwanza, ya kaskazini, ilitoka kabla ya mvua. Wiki ya mwisho ya Februari paa lilianza kuvuja juu ya ncha ya meza, palipokuwa na rundo la mwisho. Mtu akalihamishia chumba cha pili lisilowe. Meza ikafupika, na wao wakaendelea kuzunguka.

Lipo bado. Nimeliona, kwenye kona, limefunikwa kwa nailoni, kavu kabisa.

"Mwenye kitabu kingine angelalamika siku ya pili," alisema msimamizi, uso wake chini. "Hiki kila mtu alidhani ndivyo kilivyo. Watu walituambia mwisho wake ni mkali."

Nimetoka na fungu moja ndani ya mfuko.

Jumatano, 24 Aprili

Nilifika dukani akifungua mlango. Nilimwomba afungue nakala yake iliyo juu ya kabati.

"Sitaki, Shemeji."

"Nakuomba."

Alikata kamba kwa mkasi wa fremu. Aliangalia jina la mke wake kwenye jalada kwa muda, kisha akafungua mwisho, kama nilivyomwambia. Akageuza ukurasa wa 240, akakuta jalada. Akarudi nyuma, akageuza tena. Akapitisha kidole kwenye mshono.

Nikaweka lile fungu mezani.

Alilitazama bila kuligusa. "Kwa hiyo hamkusoma."

"Mji mzima haukusoma."

"Mimi nilidhani mmesoma." Alikaa kwenye kiti cha kupimia wateja. "Nilikuwa napita barabarani najisemea, hawa wote wanajua alivyoniomba, na bado wananiangalia hivi. Wewe pia. Nikaona basi, labda nilikosea kumkubalia."

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia tangu mwanzo.

"Alisema Mama asisikie kwangu. Atasoma mwenyewe, kwa maneno ya mwanawe. Ndiyo maana alimng'ang'ania aje apimwe macho." Akafuta uso kwa kile kitambaa cha lenzi. "Kurasa hizi nilizichapa mimi. Wiki ya mwisho mikono ilikataa, akawa ananitajia. Akaniambia, hii itakusemea nikiwa sipo. Nikamwambia sihitaji kusemewa, tuendelee."

Hakuna mteja aliyeingia. Nje vijana wa vitambaa walikuwa wanasukuma maji kwa mafagio. Nilibaki naye mpaka mchana. 

Jumatatu, 29 Aprili

Mchapishaji amethibitisha kwa maandishi. Alijaribu kwanza kunishawishi kwamba mwisho ule "umependwa". Nilimuuliza umependwa na nani, naye akasema na soko. Nikamwambia gazeti linatoka na habari hii Jumamosi, akiwa na la kusema aseme. Kurasa kumi na sita zitagawiwa bure madukani kuanzia tarehe 20 Mei, na toleo la pili litakuwa kamili.

Nimeandika habari yenyewe bila kivumishi hata kimoja, pamoja na muhtasari wa kurasa zilizokosekana na jinsi mume alivyozichapa akitajiwa. Chini nimetaja undugu, kama siku zote.

Jumanne, 7 Mei

Barua zimeingia kwa mfuko. Nimezisoma zote.

"Mwisho wa kwanza ulikuwa mkali, huu ni wa kutuliza watoto." "Nani alizichapa hizo kurasa? Si mume? Haya." "Naomba kuuliza, nakala za zamani bado zinapatikana?"

Msusi alinisimamisha barabarani. "Umeniharibia kitabu, dada."

"Kilikuwa pungufu."

"Najua. Lakini nilishazoea kumchukia yule bwana. Sasa nimchukie nani?" Kisha akashusha sauti. "Ni kweli alikuwa anamfungulia dirisha?"

Nilisema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaenda zake bila kuaga.

Karani wa benki amekwenda dukani, amenunua fremu. Mpaka leo ndiye pekee.

Jumamosi, 11 Mei

Kikao kimefanyika kwa Mama. Mjomba alikuwa kwenye kiti kikubwa, shemeji kwenye stuli karibu na mlango, Mama kitandani pake pa mchana. Jirani alifika bila kuitwa na kukaa bila kukaribishwa.

Mjomba alianza. "Ya gazeti tumeyasikia. Ila mtu anayeandikiwa na mumewe, utajuaje lipi la mke na lipi la mume?"

"Hapo!" alisema jirani.

Nilianza kueleza habari ya karakana. Mjomba akaniinulia kiganja. "Wewe ni mwandishi, mwanangu. Kazi yako kuandika. Sisi tunamzungumzia mtoto."

Msumari alikuwa ameambiwa acheze uani, lakini mvua ilimrudisha. Alisimama mlangoni akivua viatu, na kabla ya kuviweka pembeni alivipindua akavikung'uta, kimoja kimoja.

Mama alimwona. "Unatafuta nini humo?"

"Sitafuti chochote, Bibi." Akamwangalia baba yake, kisha mimi. "Chupa ya Mama. Siku nyingine Baba alikuwa anaiweka kwenye viatu vyangu vya shule. Mama alijua nimeiona. Akaniambia, nikikuuliza usiniambie, hata nikilia."

"Alilia?"

"Mara moja. Sikumwambia."

Mjomba alikohoa. Jirani aliokota mkoba wake, akauweka tena. Shemeji aliinuka, akamvuta binti yake begani, wakasimama hivyo, wote wawili wakitazama sakafu. Nadhani ndiyo kwanza alijua kwamba mtoto naye alikuwa na ahadi.

Nikatoa lile fungu kwenye mkoba, nikasema nitamsomea sasa hivi.

"Hapana," alisema. "Huyu amenisomea, wewe unisomee, mjomba anieleze. Kila mtu amenisomea mwanangu. Nataka kusoma mwenyewe." Akavua miwani yake yenye uzi, akaitazama kama kitu cha mtu mwingine. "Mkwe."

"Naam, Mama."

"Kupima macho kunachukua muda gani?"

"Si mrefu, Mama. Kusaga vioo ndiko kunakochukua siku tatu."

"Mtoto abaki kwako mpaka nimalize kusoma. Baada ya hapo nitasema." Mjomba alifungua kinywa, Mama alimwambia, "Kaa, kaka," naye alikuwa amekaa tayari.

Jambo halijaamuliwa. Mdogo wangu alitaka Mama apimwe macho tangu Desemba, tukiwa wote hai.

Jumanne, tarehe 14, saa tatu asubuhi, nampeleka Mama dukani. Miwani itakuwa tayari Ijumaa.